Nyumba ya Mtu Huyu, Mahali Hapa: Mhadhara juu ya Kumbunia Mteja Jengo Mtumba



Mteja anayekuja kwa mbunifu majengo siku hizi huja na nyumba yake ndani ya simu. Anaifungua picha, anaikuza kwa vidole viwili, kisha anakugeuzia simu nawe uone. Paa limefichwa nyuma ya ukuta. Vioo vimepanda kutoka sakafuni hadi darini. Kuta ni nyeupe na kijivu, na mbele kuna majani mabichi yaliyokatwa sawasawa. “Nataka hii hii,” anasema, “usibadilishe kitu.” Kiwanja chake kiko hapa Dodoma: Mtumba, au Ihumwa, au Iyumbu, au kule Msalato. Picha imetoka nchi ambayo hajafika, na huenda nyumba yenyewe haijajengwa popote, imechorwa na kompyuta tu.

Nimeombwa nieleze jinsi mbunifu anavyoifanya kazi ya kumbunia mtu jengo lake mwenyewe, lisilo la kunakili. Naanzia kwenye picha hiyo kwa sababu mengi yanayofuata, hata gharama, hata nyufa, hutegemea jibu tunalompa mtu huyo siku ya kwanza.

Majibu mepesi yako mawili. La kwanza ni kusema “Sawa, bosi,” ukaichora picha kama ilivyo na kuchukua malipo. La pili ni kumcheka moyoni, ukamhutubia kuhusu hali ya hewa mpaka aone aibu ya kuleta picha. Yote mawili yanakwepa kazi. Picha ile ni ushahidi wa kitu ambacho mteja hana maneno ya kukisema, na kazi yetu ya kwanza ni kukitafuta. Mimi humuuliza hivi: “Mama, ukiambiwa katika nyumba hii uchague kitu kimoja tu, vingine vyote viondoke, unabaki na kipi?” Hunyamaza, huangalia tena, kisha hutaja kitu ambacho wala si paa. Husema mwanga. Au husema jiko lile linamwezesha kuona watoto wanapocheza. Au husema inaonekana safi, haina vitu vingi. Hapo tunaweza kuanza kuzungumza, kwa sababu mwanga, jiko linalotazama uwani na nyumba isiyo na vurugu ni vitu vinavyowezekana kabisa Mtumba, kwa umbo lingine.

Tukumbuke tuko wapi na tumefikaje. Chama tawala, TANU, kiliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) kusimamia ujenzi wa mji. Kwa zaidi ya miaka 40 uhamisho ukaenda kwa kusuasua, hadi Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza hapahapa Dodoma kwamba serikali inahamia kweli. Dodoma ikapata hadhi ya jiji Aprili 26, 2018. Mwishoni mwa mwaka huo ujenzi wa Mji wa Serikali ukaanza Mtumba, kilomita takriban 17 kutoka katikati ya jiji kwa barabara iendayo Morogoro, na Aprili 2019 majengo ya kwanza ya wizara yakazinduliwa. Watumishi wa serikali wakaja na familia zao. Wengi wao walikuja na nyumba ya Dar es Salaam vichwani mwao.

Nyumba ya Dar es Salaam ina akili zake. Kule adui ni unyevu, na upepo wa bahari ndio tiba, kwa hiyo unafungua madirisha pande zote hewa ipite. Uwanda huu wa kati ni jambo jingine. Tuko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Hewa ni kavu. Joto la mchana na baridi ya usiku hupishana kwa zaidi ya nyuzi 10. Upepo unavuma kutoka mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kiangazi huja na vumbi jekundu linaloingia hata kwenye kabati la vyombo. Nyumba iliyomfaa mtu Mbezi au Kigamboni inaweza kumtesa hapa, na fundi aliyeijenga vizuri kule asiwe na kosa lolote.

Kabla ya kufika kwenye kiwanja, turudi kwa watu, maana hapo ndipo vijana wetu wanapopita mbio. Vyuoni tunafundishwa kuandika orodha ya mahitaji: vyumba vitatu, masta kimoja, sebule, sehemu ya kulia, jiko, stoo, gereji. Orodha hiyo haisemi chochote. Kila familia katika mji huu ina orodha hiyohiyo. Ninachotaka kujua ni siku ya familia hiyo inavyokwenda. Nani anaamka wa kwanza, na akiamka anakwenda wapi? Maji ya kuoga yanachemshwa wapi? Watoto wanafanyia kazi za shule mezani au sakafuni mbele ya televisheni? Baba akirudi anapita mlango wa mbele au wa jikoni? Bibi akija kutoka Singida au Mpwapwa anakaa wiki moja au msimu mzima, na analala kwa nani?

Maswali haya hayaulizwi kwa mtu mmoja. Mume akija peke yake mwambie arudi na mkewe, na mke akija peke yake vivyo hivyo. Kama kuna mzazi atakayeishi humo, mwendee kwa heshima yake. “Shikamoo mzee. Wanao wanataka kukujengea chumba. Wewe unapenda kikae wapi?” Mzee wa Kigogo aliyezoea kukaa nje asubuhi akiota jua na jioni akiangalia mifugo ikirudi, ukimpa chumba cha ghorofani chenye kiyoyozi umemfunga. Atakwambia anataka mlango wake mwenyewe unaofungukia uwani na choo cha karibu kisicho na ngazi. Hilo ni badiliko kubwa katika ramani, na lisiposemwa mapema, ukuta utakuja kuvunjwa baadaye.

Jiko nalo lina maneno mengi. Mteja ataomba jiko la kisasa ndani, lenye makabati na jiko la gesi. Muulize makande anachemshia wapi, na siku ya wageni 40 ugali unasongwa kwenye sufuria gani. Karibu kila familia itakuwa na jiko la pili nje, la mkaa au kuni, hata kama halimo kwenye ramani. Litajengwa kwa mabati, upande wowote uliobaki, na moshi utaingia chumbani kwa watoto. Basi lichore tangu mwanzo: upande ambao upepo hautapeleka moshi vyumbani, lenye paa lake, bomba lake na kivuli cha kutosha kwa watu wanne kuketi. Na dada wa kazi, ambaye ndiye atakayekaa ndani ya nyumba hiyo saa nyingi kuliko wote, apewe chumba chenye dirisha. Nimeona ramani nyingi ambamo chumba chake ni stoo iliyobadilishwa jina. Hapo mbunifu hana haki ya kunyamaza.

Kuna jambo ambalo mteja hatalitaja, na si adabu kumlazimisha alitaje. Nyumba zetu hupokea misiba. Siku hiyo uwanja unatakiwa kubeba turubai na viti, wanawake wanahitaji sebule iliyoondolewa makochi, na wabebaji wanapaswa kupita na jeneza kutoka chumbani hadi nje bila kulisimamisha wima kwenye kona ya korido. Mimi hulipima hilo kimyakimya katika kila ramani: upana wa mlango wa mbele, upana wa korido, kona zake. Mlango uleule utapitisha bibi harusi na kabati la nguo, kwa hiyo hakuna anayepoteza.

Sasa twende saiti, tena twende na mteja, na twende zaidi ya mara moja, asubuhi na jioni. Tuko kwenye latitudo ya nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba jua la saa sita mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi Juni linasimama kaskazini, nyuzi karibu 30 kutoka utosini. Desemba linasimama kusini, nyuzi kama 17. Kuta zinazotazama kaskazini na kusini ni rahisi kuzikinga. Paa likitokeza mita 1 nje ya ukuta, mchana wa Juni linatia kivuli karibu mita 1.75 za ukuta wa kaskazini, na mchana wa Desemba zaidi ya mita 3 za ukuta wa kusini. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hausaidiwi na paa, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni linakuja chini, linaingia dirishani moja kwa moja. Kwa hiyo nyumba inanyooshwa mashariki na magharibi, madirisha makubwa yanawekwa kaskazini na kusini, na upande wa magharibi unapewa choo, stoo, gereji au ngazi, yaani vyumba visivyolaliwa. Hili halina gharama yoyote. Ni suala la kuigeuza karatasi kabla ya kuchora. Lakini nyumba nyingi katika viwanja vipya zimetazama barabara tu, na chumba cha masta kimetazama magharibi, kwa kuwa ramani ilinunuliwa ikiwa tayari na hakuna aliyeuliza kaskazini ni wapi.

Hapo sasa paa la kwenye picha linakuja kuhukumiwa. Paa lililofichwa halitokezi nje ya ukuta, kwa hiyo linaunyima ukuta kivuli na kuuacha upigwe na mvua. Magata yake yamo ndani, nyuma ya ukuta, juu ya silingi bodi. Kwa miezi saba ya kiangazi magata hayo yanajaa vumbi na majani. Kisha Desemba inakuja mvua ya kwanza, ambayo Dodoma haiji kwa manyunyu. Maji yanakosa njia, yanapanda, yanashuka kupitia jipsamu hadi kwenye kochi jipya. Namweleza mteja haya kwa penseli, bila kumtisha, kisha nauliza kilichompendeza katika paa lile. Mara nyingi ni mstari ulionyooka, usio na migongo mingi ya mabati. Mstari huo tunaweza kuupata kwa paa la mteremko mmoja, lenye pembe ndogo, lililotokeza vizuri pande zote. Kenchi zake zinakuwa chache kuliko za paa la bati la msauzi lenye migongo saba, na gata lake liko nje, ambako mtu mwenye ngazi na ufagio analifikia.

Gata hilo ndilo linalotupeleka kwenye maji. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jiji kwa miaka mingi limetegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 150, hata ukitoa sehemu ya tano kwa ajili ya yanayopotea, linakamata lita 68,000 kwa mwaka wa kawaida. Hakuna familia ya mtumishi itakayojenga kisima cha kuzihifadhi zote. Lakini tangi la chini la lita 20,000, lililochimbwa kabla ya msingi wakati katapila bado lipo saiti, linabadilisha maisha ya nyumba hiyo. Likiachwa mpaka nyumba iishe, litakuwa simtanki moja la lita 2,000 juu ya mnara wa vyuma.

Wakubwa wetu walilifahamu hili. Beda Amuli, mmoja wa wabunifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alipobuni Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege. Miavuli hiyo inampa mchuuzi kivuli na kupitisha hewa, na pia inakusanya maji ya mvua na kuyashusha chini. Kitu kimoja kinafanya kazi tatu. Napenda wanafunzi walitazame jengo lile kwa swali hilo, wasilitazame kama sanamu tu.

Udongo nao unadanganya. Viwanja vingi vya Dodoma viko juu ya kokoto za mawe ya graniti, na fundi akichimba futi mbili anakuta ugumu, anafurahi. Hatua 100 kutoka hapo, bondeni, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nyumba iliyosimama juu yake inainuliwa na kushushwa kila mwaka, na ufa unaanza kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari. Mwenye nyumba anamlaumu fundi kwa saruji kidogo. Dawa iko chini: kuchimba mashimo ya kupima udongo kabla ya kuchora, kuondoa udongo ule na kujaza moramu iliyoshindiliwa au kushusha msingi mpaka ufike pagumu, kufunga mkanda wa zege chini na lenta inayozunguka nyumba nzima juu, na kuyapeleka maji ya paa mbali na kuta. Lenta hiyo ina kazi nyingine pia. Tuko jirani na Bonde la Ufa, na ardhi hii hutikisika mara kwa mara.

Mnisamehe nikikaa kidogo kwenye tembe, nyumba ya jadi ya uwanda huu. Wagogo, wenyeji wa hapa, waliijenga nyumba hii kwa vizazi vingi kabla hatujaja na bati: kuta za miti na udongo, dari la magogo lililofunikwa tabaka nene la udongo, nyumba fupi, ndefu, iliyozunguka ua ambamo ng’ombe walilala. Tazameni kila kitu humo. Ufupi wake unaukwepa upepo. Unene wa udongo unapokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku, wakati baridi imeingia na joto hilo linahitajika. Ua unakinga vumbi, unalinda mali, na ndiyo sebule, jiko na uwanja wa mazungumzo. Familia ikiongezeka, upande mwingine wa ua unajengwa. Ilikuwa na shida zake za kweli: giza, moshi, paa linalovuja masika, kazi ya kukandika kila mara. Watu walipoachana nayo hawakukosea. Kosa ni letu tuliosomea kazi hii, kama tutaiacha akili iliyokuwa ndani yake pamoja na udongo. Ukuta mzito unaweza kujengwa leo kwa tofali za udongo na saruji zinazofungamana, zile ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihamasisha kwa miaka mingi. Ua unaweza kuchorwa kwenye kiwanja cha kawaida kabisa. Katika eneo la joto na vumbi kama letu, kule Gando nchini Burkina Faso, Francis Kéré alijenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001 kwa tofali za udongo, akaliinua paa la bati juu ya dari ili hewa ya moto itoke katikati. Wateja wake walikuwa wanakijiji wenzake, na waliijenga kwa mikono yao. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika taaluma yetu.

Mpaka hapa nimemsema mteja mwenye sura. Lakini tuko katika Mji wa Serikali, na mteja mkubwa wa hapa hana sura moja. Katika awamu ya kwanza kila wizara ilipewa shilingi bilioni 1 ijenge ofisi ndogo isiyo ya ghorofa, kwa muda mfupi sana. Awamu ya pili imeleta maghorofa. Katika jengo la aina hii anayesaini mkataba ni mmoja, na watakaolitumia ni maelfu. Mbunifu akimsikiliza anayesaini peke yake, atapata ofisi nzuri ya juu yenye choo chake, na ukumbi mzuri wa mikutano. Mzee aliyepanda basi alfajiri kutoka Kondoa kufuatilia shauri lake la ardhi, akafika saa tatu na kuambiwa asubiri mpaka saa nane, hayumo kwenye orodha. Atakaa wapi? Kivuli kipo? Choo anachoruhusiwa kuingia kiko upande gani, na kama anatembelea kiti cha magurudumu atafikaje mapokezi? Mlinzi getini ana kibanda kinachofungua dirisha? Mhudumu anayepeleka chai ghorofa ya sita anapita wapi? Jengo la vioo lililotazama magharibi kwenye uwanda huu litafungiwa mapazia saa nane mchana, taa ziwashwe na viyoyozi vingurume, na bili italipwa na wananchi kwa miaka 50.

Historia ya mji wenyewe ina funzo juu ya mteja. Mpango wa kwanza wa Dodoma, wa mwaka 1976, ulitayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mteja wake, yaani chama na Mwalimu Nyerere, alijua anachotaka kwa namna ambayo wateja wachache wanajua. Hakutaka mji wa minara na barabara za gwaride. Alitaka mji wa jumuiya, unaotembeka kwa miguu na kwa basi, unaokua kuanzia kwenye makundi ya nyumba kumikumi. Wazo lililo wazi liliupa mpango ule nguvu ambayo fedha pekee haingeipa. Lakini wale ambao wangekuja kuishi katika jumuiya hizo hawakuwapo kuulizwa, na wengi wenu mnaokaa Dodoma mnajua jinsi maisha yalivyochukua njia zake. Huko Misri, katika miaka ya 1940, Hassan Fathy alibuni kijiji cha New Gourna karibu na Luxor kwa tofali za udongo, kuba na nyua za ndani, kazi ambayo mpaka leo inasomwa duniani kote. Alijitahidi hata kuifikiria kila familia peke yake. Ila iliyotaka watu wahame ilikuwa serikali. Wengi wa wanakijiji hawakutaka kuhama, na hawakuhama. Uzuri wa nyumba haukuweza kujibu swali ambalo hawakuulizwa.

Nirudi kwa mtumishi na kiwanja chake, niseme juu ya fedha, kwa sababu hapo ndipo vitabu vya ng’ambo vinaponyamaza. Vitabu hivyo hudhani mteja ana fedha yote, jengo linaanza na kuisha. Mteja wetu anajenga kwa mshahara, kwa mkopo wa SACCOS, kwa fedha ya mavuno ya alizeti au zabibu, na wengine husubiri kiinua mgongo. Atajenga kwa miaka sita, pengine kumi. Ramani anayoinunua kwa bei ndogo, iliyonakiliwa kwa watu mia, inamtaka amwage msingi wote, apandishe kuta zote, ndipo aanze kutafuta paa. Kwa hiyo tunaona maboma yaliyosimama miaka bila bati, mvua inalowesha tofali, nondo zilizoachwa kwa ajili ya ghorofa zinaliwa na kutu. Fedha imo humo, na mtu bado anapanga.

Kumbunia mtu huyu maana yake ni kubuni kwa jinsi fedha yake inavyokuja. Sehemu ya kwanza iwe nyumba kamili yenye paa lake: vyumba viwili, jiko, choo, kibaraza kipana. Aingie, aache kulipa kodi. Ukuta ambao sehemu ya pili itaungana nao uwe tayari na lenta juu ya mlango ujao, ili siku hiyo zitolewe tofali tu. Mabomba ya maji na maji taka yapitishwe mpaka mwisho wake tangu sasa na kuzibwa. Karo lichimbwe mahali ambapo hakuna chumba kitakachokuja kukaa juu yake. Kosa hili ni la kawaida mno na kulirekebisha ni ghali mno. Sehemu ya pili ikija, ua unaanza kuonekana. Ya tatu inaufunga. Mnaona kwamba tumerudi kwenye mpangilio wa tembe, na tumefikishwa huko na hesabu za mfukoni.

Kuhusu taratibu sitasema mengi, maana zimeandikwa. Sheria ya mwaka 2010 imeipa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi jukumu la kutusimamia, na kibali cha ujenzi kinatolewa na Halmashauri ya Jiji. Ninachowaomba wateja ni kwamba mkadiriaji majenzi aitwe mapema, rasimu ikiwa bado ya penseli. Makadirio yakija mwishoni huleta ugomvi. Yakija mapema huleta mazungumzo, na mazungumzo hayo yana mpaka mmoja ambao mbunifu hapaswi kuuvuka hata kwa mteja anayempenda. Fedha ikipungua, tupunguze ukubwa wa sebule, tuache jipsamu, tuache marumaru za ukutani. Nguzo, lenta na kina cha msingi havimo katika mapatano. Mteja akisisitiza, ni afadhali kazi iondoke.

Kazi haiishii kwenye kukabidhi ufunguo. Nyumba ya Mtumba inatakiwa ipite mvua za Desemba hadi Aprili, baridi ya Juni na Julai, na upepo wa vumbi unaofuata, ndipo mbunifu arudi kubisha hodi. Hapo muulize mama mwenye nyumba ni dirisha lipi halifunguliwi kamwe, na kwa nini. Ni chumba gani hakitumiki? Wapi watoto wamejiwekea njia ya mkato? Jiko la nje linatumika siku ngapi kwa wiki? Maji ya tangi yaliisha mwezi gani? Utakuta sehemu ya kulia imekuwa duka la vocha na mkate, na kibaraza ndicho kimekuwa sehemu ya kulia. Chora mabadiliko hayo kwenye nakala ya ramani, andika tarehe, na nakala moja mwachie mwenye nyumba pamoja na mchoro unaoonyesha mabomba na nyaya zilipopita, kwa sababu fundi atakayekuja kutoboa ukuta baada ya miaka 15 hatakuwa yule aliyeujenga. Nyingine ibaki ofisini kwako. Nawasihi walimu wa ubunifu majengo wawatume wanafunzi wao Mtumba na Ihumwa kuzikusanya nakala za namna hiyo, kwa ridhaa ya wenye nyumba, na kuziweka mahali ambapo mbunifu yeyote anayeanza kazi kwenye uwanda huu anaweza kuzisoma kabla hajachora mstari wa kwanza.